Mashimo ya Zamani ya Uraniamu: Habari za Shinkolobwe, Katanga

Mkaazi wa Magongo hahitaji kuambiwa Congo iko wapi. Malori yenye shehena za Congo hutoka Kilindini na kushika njia ya bara kila siku, na madereva warudipo huwa na mengi ya kusimulia. Miongoni mwa masimulizi hayo ni yale ya mashimo yaliyoachwa, ambamo, yasemekana, mtu aweza kuingia na kuokota mawe ya thamani. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza hapa historia ya shimo lililo mashuhuri kuliko yote, na sababu ya watu kukatazwa kuliingia.

Shinkolobwe iko katika Katanga, karibu na mji wa Likasi ambao zamani ukiitwa Jadotville. Wenyeji wa huko husema Kiswahili kama sisi, ijapokuwa lafudhi yao ni nyingine. Katika mwaka wa 1915 Mwingereza mmoja, Robert Sharp, mtafuta madini, aliona huko mawe mazito yenye rangi za kupendeza. Yalikuwa mawe ya uraniamu. Lakini siku zile uraniamu yenyewe haikuwa na thamani kubwa. Kilichotakiwa ni radiamu, iliyomo ndani yake kwa kiasi kidogo mno, ambayo madaktari waliitumia kutibu kansa. Kampuni ya Kibelgiji iitwayo Union Minière du Haut-Katanga ikachimba, na tangu mwaka wa 1922 radiamu yake ikauzwa kwa bei iliyowashinda wachimbaji wa Marekani. Mwaka wa 1937 shimo likafungwa, maji yakalijaa.

Pengine lingesahauliwa, lau si vita. Mwaka wa 1940 mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, aliyekuwa amekwisha kuonywa kwamba uraniamu yaweza kufanyiwa silaha kali, aliamuru mawe yaliyokwisha kuchimbwa, zaidi ya tani 1,200, yapelekwe New York. Yakawekwa ghalani katika kisiwa cha Staten Island. Hata Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipomwendea kuulizia uraniamu, aliambiwa iko pale pale bandarini, imekwisha kungoja karibu miaka miwili! Baadhi ya mawe hayo yalikuwa na oksidi ya uraniamu kadiri ya 65 kwa mia, ilhali mawe ya kwingine mara nyingi hayafiki hata 1 kwa mia. Shimo likafunguliwa tena. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilifanywa kwa uraniamu ambayo sehemu yake kubwa ilitoka Katanga.

Wachimbaji waliochagua mawe hayo kwa mikono yao hawakuambiwa ni ya kazi gani. Kwa maoni yetu hili ndilo lenye uchungu kuliko yote, maana hata hamali wa Kilindini hustahili kujua kama gunia alibebalo ni la simenti au la sumu.

Na sumu yenyewe ni ya namna gani? Sisi wafasiri tumepata taabu kuitafutia jina. Wengine husema mionzi, wengine mnururisho. Ni nguvu itokayo katika jiwe, isiyoonekana wala kunuka, wala haisikiki mkononi. Haikomi shimo lifungwapo, kwa kuwa uraniamu huchukua miaka milioni 4,500 kupungua nusu yake. Katika kupungua huko hutokea gesi iitwayo radoni, iliyo nzito kuliko hewa, nayo hutuama mahali pasipopita upepo. Mtu akiivuta muda mrefu aweza kupata kansa ya mapafu. Basi shimo lililoachwa laweza kuwa baya kuliko lile lenye kufanya kazi, maana hakuna tena mashine ya kuingiza hewa safi.

Congo ilipopata uhuru mwaka wa 1960, njia za kushukia chini zilizibwa kwa zege. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 watu kwa maelfu walirudi kutafuta kobalti, wakichimba kando ya zege kwa sururu na koleo. Rais Joseph Kabila alipiga marufuku mwezi wa Januari 2004. Kazi haikukoma, na Julai ardhi ikaporomoka ikaua watu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliofika baadaye mwaka huo walionya juu ya maporomoko na mionzi pia. Tusiwaite wachimbaji hao wajinga. Mwenye watoto wenye njaa leo haogopi kansa ya miaka ishirini ijayo.

Hapa kwetu Pwani hapakuwa na machimbo ya uraniamu. Hata hivyo Mlima Mrima, katika Kwale, una udongo wenye thoriamu, ambayo nayo hutoa mionzi, na wapimaji wa madini walichimba mashimo huko katika miaka ya 1950. Msitu wake ni kaya ya Wadigo, na haifai kuingiwa bila idhini ya wazee. Aliyepata idhini asilale mashimoni, asichukue mawe ya kupambia nyumba, wala asichote udongo wa huko kukandika chumba cha kulala.