Karakana ya Herreshoff Ilikufa Kabla ya Faiba

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu kufa kwa karakana za yoti za mbao ni mafupi: faiba ilikuja, ikawa nafuu kuliko mbao, mafundi wakakosa kazi. Kwa karakana nyingi maelezo hayo yana ukweli. Kwa ile iliyovuma kuliko zote Marekani, Herreshoff Manufacturing Company ya Bristol, jimbo la Rhode Island, hayasimami. Karakana hiyo ilifungwa Vita Kuu ya Pili ilipokwisha. Yoti ya faiba iliyotikisa soko, Triton ya futi 28, ilionyeshwa New York Januari 1959. Kati ya matukio hayo mawili kuna zaidi ya miaka kumi. Mtuhumiwa hakuwapo kwenye eneo la tukio.

Kabla ya kutafuta kilichoiua, inabidi kujua iliishi kwa nguvu gani. Ilianzishwa mwaka 1878 na ndugu wawili. John Brown Herreshoff alikuwa kipofu tangu ujana. Kazi yake ilikuwa kutafuta wateja, kupanga bei, kununua mbao na vyuma, na kukagua maumbo kwa viganja vyake. Mdogo wake Nathanael, mhandisi aliyesoma MIT, ndiye aliyetoa umbo la kila chombo. Alichonga kielelezo cha nusu ya bodi, akakipima kwa chombo maalumu, kisha akaandika jedwali la vipimo ambalo mafundi walilikuza hadi ukubwa kamili. Kwa maneno mengine, fedha iliingia kupitia mtu mmoja na maumbo yakatoka kwa mtu mmoja. Kwa miaka thelathini na zaidi hakuna aliyeona hatari katika mpangilio huo, kwa sababu wote wawili walikuwa hai.

Sakafuni kulikuwa na utaratibu mwingine, na huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Mataruma ya mwaloni mweupe yalipikwa kwa mvuke ndani ya sanduku hadi yakalegea, yakatolewa, yakakunjwa upesi juu ya kalibu kabla hayajapoa. Karakana nyingine zilitumia kalibu chache, na mataruma ya katikati yakafuata mkunjo wa papi za mbao zilizozungushwa juu ya kalibu hizo. Bristol kila taruma lilikuwa na kalibu yake. Mashua ziliundwa kifudifudi, mkuku ukiwa juu, ili fundi afunge mbao akiwa amesimama wima na uzito wa ubao ukimsaidia badala ya kumwelemea. Gharama ya kalibu ilikuwa mzigo kwa chombo cha kwanza, na karibu si kitu kwa cha kumi. Ndiyo maana yoti 18 za aina ya New York 30 ziliweza kukamilishwa katika msimu mmoja, ule wa 1905. Na ndiyo maana mashua ndogo ya 12½, iliyopewa jina kwa urefu wake wa futi pale maji yanapokata bodi, iliundwa Bristol kwa idadi inayozidi 300 tangu 1914.

Sifa, hata hivyo, ilitoka kwingine. Kuanzia 1893 hadi 1920 kila yoti iliyotetea kombe la mbio za yoti la America's Cup ilitoka Bristol, na zote tano zilikuwa za metali: shaba nyeusi, chuma, hata aluminiamu. Reliance ya 1903, yenye mabaharia zaidi ya 60, iliishinda Shamrock III ya Thomas Lipton, yule yule wa majani ya chai. Miaka kumi baadaye ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Vyombo vya aina hiyo vilileta magazeti mlangoni. Riziki ililetwa na mbao.

Tatizo la kwanza lilikuwa ndani ya nguvu yenyewe. Karakana ilijitosheleza karibu kwa kila kitu: ilisubu vyuma vyake, ikashona matanga yake, ikaunda boila na injini zake. Oda zikiwepo, mpangilio huo unahakikisha ubora na unapunguza gharama. Oda zikikatika, tanuri la kusubia, chumba cha matanga na mashine za chuma vinaendelea kula fedha bila kuzalisha. Fundi wa jahazi wa Nungwi akikosa oda anafunga vifaa vyake akatafute kibarua kingine, na kivuli anachofanyia kazi hakimdai kitu. Karakana ya Bristol haikuwa na uwezo wa kukaa bure.

Na oda zilikatika. Kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani ilianza 1913, kiwango cha juu kabisa kikiwa asilimia 7. Mwaka 1918 kilifika asilimia 77. Mashindano ya kombe yaliyopangwa 1914 yaliahirishwa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza hadi 1920. Katikati ya hayo, 1915, John alifariki. Nathanael alikuwa na umri wa miaka 67, hodari wa maumbo, lakini biashara haikuwa fani yake. Mwaka 1917 kampuni iliuzwa kwa kundi la wenye yoti wa New York na Boston, yaani wateja wakageuka wamiliki. Mteja anataka chombo bora kwa bei ndogo. Mmiliki anataka faida. Si rahisi mtu mmoja akakaa pande zote mbili za meza.

Inavutia kuitupia kodi lawama yote, lakini ushahidi haukubali. Viwango vilikuwa vimeshaanza kushuka tangu 1919, na Marekani ilikuwa ikiingia katika miaka ya neema kubwa. Hata hivyo mwaka 1924 karakana ilipigwa mnada. Mnunuzi alikuwa Rudolf Haffenreffer, mfanyabiashara wa bia. Kilichopungua hapo hakikuwa fedha za matajiri. Fedha zilikuwapo, ila zilielekezwa kwingine.

Zilielekezwa kwa wabunifu huru. Enterprise ya 1930 na Rainbow ya 1934, zote watetezi wa kombe, ziliundwa Bristol lakini zilibuniwa na Starling Burgess. Ramani za mbunifu mwingine, Olin Stephens, zilipelekwa karakana ya Nevins, City Island. Ranger ya 1937 haikufika Bristol kabisa. Iliundwa Bath Iron Works, jimbo la Maine. Karakana inayouza umbo lake ina bei yake. Ikianza kuuza saa za mafundi kwa umbo la mtu mwingine, inalinganishwa na kila karakana yenye mafundi, na mwenye nafuu anachukua. Sidney, mwana wa Nathanael, aliendelea kubuni, na baadhi ya kazi zake ni nzuri, lakini chombo kikubwa hakikuwa tena lazima kipite Bristol. Nathanael alifariki 1938.

Vita Kuu ya Pili ilifanana na nafuu. Karakana ilijaa boti za kivita, malipo yakatoka serikalini. Kiuchumi huo ulikuwa mteja mmoja badala ya wengi, mwenye tarehe ya kuondoka. Uundaji wa 12½ Bristol ulikoma 1943. Haki zake zikahamia Massachusetts, ambako umbo hilo, likiwa limebadilishwa kidogo, baadaye lilitolewa kwa faiba. Serikali ilipoacha kuagiza, hapakuwa na foleni ya wateja wa zamani mlangoni. Michoro ilikwenda MIT. Vielelezo vya Nathanael vimehifadhiwa katika makumbusho papo hapo Bristol. Kila kinachoweza kuwekwa kwenye kabati kilisalimika.

Sasa ndipo faiba inaingia. Binamu wawili wa ukoo wa Pearson, Clinton na Everett, walipata oda 17 za Triton kwenye maonyesho yale ya 1959, wakahitaji nafasi, wakanunua karakana ya zamani ya Herreshoff. Hawakumfukuza mtu, jengo lilikuwa limeshapoteza mafundi wa mbao. Hesabu yao ilikuwa ile ile ya kalibu, ghali kwa chombo cha kwanza na nafuu kwa vinavyofuata, ila safari hii bila mwaloni wala mkono unaojua sekunde ngapi zimebaki kabla taruma halijakataa kukunjika. Triton zaidi ya 700 zilitoka.

Pearson pia ilitegemea aina moja ya mnunuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 soko la Marekani lilianza kuporomoka. Januari 1991 ikaongezwa kodi ya anasa ya asilimia 10 juu ya sehemu ya bei ya boti inayozidi dola 100,000. Kampuni ilifilisika mwaka huo. Kodi ilifutwa 1993.