Mashini Haimtunzi Mgonjwa Peke Yake
Mashini ya kupumua inasukuma hewa mapafuni, lakini haisafishi kinywa wala haimgeuzi mgonjwa. Hiyo ni kazi ya muuguzi: anainua kichwa cha kitanda digrii 30 hadi 45 ili mate yasiingie mapafuni, tena anamgeuza kila baada ya saa 2, asipate vidonda. Sisi walinzi wa mgonjwa tunawe mikono kwa sabuni, tusiguse mipira, tumwite jina. Hata asipojibu, anaweza kusikia.

Mwaka 1952, kule Copenhagen, polio ilikata watu pumzi. Mashini zilikuwa chache. Wanafunzi wa udaktari waliwasukumia hewa kwa mikono, usiku na mchana. Hapa Kabalo, wachanjaji wakipita na matone, tusifiche watoto.