Mchezo wa Samaki na Somo la Biashara

Kampuni ikifilisika, hakuna mwalimu awezaye kuirudisha sokoni ili wanafunzi waone ilipokosea. Samaki wakitoweka baharini, hasara huwa kubwa zaidi. Ndiyo sababu masomo ya biashara hutumia michezo ya uigaji, yaani michezo ambayo kanuni zake hufuata mwenendo wa mambo ya kweli, lakini makosa yake hayamdhuru mtu.

Mmojawapo ni Fish Banks, uliobuniwa katika miaka ya 1980 na Dennis Meadows, mtaalamu wa Marekani. Kila kundi la wanafunzi huwa kampuni ya uvuvi. Kila mwaka wa mchezo kundi huamua linunue au liuze meli ngapi, ngapi ziende bahari kuu, ngapi pwani, na ngapi zibaki bandarini. Kompyuta hukokotoa samaki waliovuliwa, waliozaliwa, na fedha zilizopatikana. Mara nyingi meli huongezeka, faida hupanda, kisha samaki huisha ghafla.

Hayo si ya mchezoni tu. Mwaka 1992 Kanada ilifunga uvuvi wa chewa wa Newfoundland, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Meli zenye vyombo vya kutambua samaki kwa mawimbi ya sauti zilikuwa zimeendelea kuvua kwa wingi ilhali samaki wenyewe walikuwa wakipungua. Hapa pana somo la mageuzi ya kidijitali: chombo kinachoonyesha samaki walipo hakiongezi hata samaki mmoja. Lakini takwimu hizohizo, zikikusanywa na kujulikana kwa wote, zaweza kuonyesha kiwango kisichofaa kuvukwa.

Mwalimu asiye na kompyuta aweza kuanza kwa maharage. Aweke punje 40 katika bakuli. Makundi manne yaandike kwa siri idadi yatakayochukua. Punje zinazobaki ziongezwe maradufu, bila kuzidi 40. Kila kundi likichukua 5, hubaki 20, nazo hurejea kuwa 40; katika miaka 10 kila kundi hupata 50. Kila kundi likichukua 8, hubaki 8, nazo huwa 16. Mwaka wa pili kila kundi hupata 4, na bakuli huwa tupu. Jumla ni 12.

Kazi kubwa huanza baada ya mchezo. Wanafunzi waulizwe: ni nani aliyevunja kanuni? Hakuna. Basi ni kanuni gani iliyokosekana, nani angeitunga, na nani angehesabu punje?