Kutia Pedi Mpya za Breki ya Nyuma

Tope na mchanga huila upesi breki ya nyuma ya pikipiki za njia mbovu. Pedi, yaani vile vibao viwili viibanavyo sahani ya chuma gurudumuni, nyama yake ikibaki unene wa milimita 1 hazifai tena. Kuzitoa ni kazi nyepesi: pini huvutwa, nazo hutoka. Kabla ya kutia mpya, hapana budi pistoni isukumwe ndani polepole, huku kikombe cha mafuta ya breki kikiangaliwa kisifurike, maana mafuta hayo hubabua rangi. Kisha lipo jambo ambalo hata mafundi hodari hulisahau kwa haraka zao: kikanyagio kikanyagwe mara nyingi, pikipiki ingali imesimama, mpaka kiwe kigumu. Pistoni iliyorudishwa ndani haijazisukuma pedi bado. Mguu wa kwanza hukanyaga bure, na huenda ikawa mteremkoni.