Filamu za Katuni Zinapoundwa Upya: Tuziiteje?

Tangu mwaka 2010, ilipotoka Alice in Wonderland ya Tim Burton, kampuni ya Disney ya Marekani imekuwa ikizichukua filamu zake za zamani za katuni na kuziunda upya kwa waigizaji. Cinderella ya mwaka 1950 ilirudi mwaka 2015. Beauty and the Beast ya mwaka 1991 ikarudi mwaka 2017. Mfasiri anayepewa tangazo la filamu ya namna hii hukwama mapema, kwani hana jina la kuiita.

Kwanza yafaa tueleze kinachowavuta watazamaji. Beauty and the Beast mpya ilipata zaidi ya dola bilioni 1.2, na The Lion King ya mwaka 2019 zaidi ya bilioni 1.6. Mzazi aliyeiona hadithi utotoni humpeleka mwanawe. Nyimbo anazijua, mwisho anaujua, wala hana hofu ya kupoteza kiingilio. Hali hii si ngeni kwetu: msikilizaji wa ngano huomba hadithi ile ile, akapima ufundi wa msimulizi mpya. Pamoja na hayo ipo hamu ya kuona mchoro umevaa mwili. Hata hivyo mvuto huo hauna dhamana. Snow White ya mwaka 2025 iliwavuta watu wachache kuliko ilivyotarajiwa.

Basi tuiite kazi hii nini? Wengine husema "marudio". Neno hilo tayari lina kazi redioni, nalo ni kipindi kile kile kuletwa tena bila kubadilishwa. "Rudufu" lina kasoro hiyo hiyo, kwani lanukia mashine ya ofisini ya kutolea nakala. "Filamu iliyoundwa upya" ni refu kidogo, lakini halimdanganyi mtu.

Ugumu mkubwa uko kwenye neno "hai". Waingereza huitofautisha filamu ya waigizaji na ya katuni kwa neno lao lenye maana hiyo, na mfasiri mwenye haraka huandika "filamu hai". Lakini baadhi ya waandishi wetu huita ufundi wa katuni "uhuishaji", yaani kuupa mchoro uhai. Maneno yote mawili yana asili moja! Msomaji akikutana na "filamu hai" na "filamu ya uhuishaji" katika ukurasa mmoja, atajuaje kuwa ni vitu viwili vinavyopingana? Kwa maoni yetu "filamu hai" haifai kabisa. Tuseme "filamu ya waigizaji".

Hapo The Lion King ya mwaka 2019 inatuletea shida. (Watengenezaji wake wamekwisha kuazima kwetu Simba, Rafiki na Pumbaa, nasi bado hatujaipatia kazi yao jina.) Magazeti mengi yaliieleza kana kwamba ina wanyama wa kweli, ilhali hakuna simba aliyesimama mbele ya kamera. Mwongozaji, Jon Favreau, alieleza kwamba ni picha moja tu iliyopigwa mahali halisi, ile ya macheo mwanzoni. Nyingine zote zilitoka kwenye kompyuta. Waandaaji wa tuzo za Golden Globe waliiweka katika kundi la filamu za uhuishaji, na walifanya sawa. Wapo waliolalamika kuwa nyuso za simba hazionyeshi huzuni wala furaha kama zile zilizochorwa mwaka 1994, na jina sahihi lingewatayarisha. Twapendekeza "uhuishaji wa sura halisi", ili utofautike na "uhuishaji wa kuchora".

Inabaki The Jungle Book ya mwaka 2016, yake Favreau vilevile, ambamo mtoto mmoja, Neel Sethi, anatembea katika msitu na wanyama waliotengenezwa kwa kompyuta. Hiyo tungeiweka pamoja na filamu za waigizaji, kwa kuwa hadithi nzima inamfuata yeye, ijapokuwa kwa hesabu ya vinavyoonekana wahuishaji walifanya kazi kubwa zaidi.