Tombo na Uwindaji Wake, kwa Mbwa na Pasipo Mbwa

Mwalimu afundishaye Kutoka 16, au Hesabu 11, hukutana na ndege ambaye Biblia yetu ya Kiswahili yamwita kware. Watoto wa bara wamjua kware. Ni ndege wa kadiri ya kuku mdogo, apandaye juu ya kichuguu alfajiri na kupiga kelele, tena ni mkaaji wa shamba lile lile mwaka mzima. Basi huuliza, na ni haki yao kuuliza: Kware hawa walitoka wapi hata wakaifunika kambi nzima? Jibu ni kwamba ndege yule alikuwa tombo, wala si kware wa vichuguu. Naye amjuaye tombo kwa kumwinda haoni ajabu katika namna ya kuja kwake, ijapokuwa astaajabia saa aliyokuja.

Tombo ni mdogo mno, uzito wake wapata gramu 100 hivi, na rangi yake ni ya majani makavu. Yule wa Ulaya huzaliwa huko na katika Asia ya magharibi, na baridi ikikaribia huivuka bahari kuja Afrika, kisha hurudi. Husafiri usiku. Afikapo nchi kavu baada ya kuvuka bahari, huwa amechoka hata aweza kukamatwa kwa mkono. Katika pwani ya kaskazini ya Misri watu hutandaza nyavu ndefu kumngojea, hasa mwezi wa Septemba. Herodoto aliandika zamani kwamba Wamisri walikula tombo wabichi waliotiwa chumvi. Nasi twasoma katika Hesabu kwamba Waisraeli waliwaanika pande zote za kambi. Mtu aliyepata nyama nyingi kwa siku moja katika nchi ya joto hana njia nyingine.

Lakini tombo akiisha kupumzika na kuingia majanini, mambo hubadilika. Ndege huyu hapendi kuruka. Akisikia mguu wa mtu, hulala chini na kunyamaza, ama hukimbia kimya kati ya mashina ya majani, na mwindaji humpita kwa hatua mbili asimwone. Hapo jicho halifai kitu. Hapana budi mwindaji apate pua, au apate sauti.

Pua ni ya mbwa. Katika Hispania, Ufaransa na Italia wawindaji huwafundisha mbwa wa namna maalumu, ambao hawamfukuzi ndege. Mbwa huenda mbele huku na huku, akiukabili upepo. Akiipata harufu ya tombo husimama ghafula kama aliyegeuka jiwe, pua yake ikielekea mahali alipo ndege. Ndipo bwana wake akaribiapo, tombo huruka, naye humpiga kwa bunduki. Kazi ya pili ya mbwa ni kumtafuta aliyeanguka, nayo si ndogo, maana tombo aliyekufa katika majani ni vigumu kuonekana kuliko aliye hai. Wawindaji hupenda asubuhi yenye umande, kwa kuwa jua likikausha nchi harufu hupotea, na mbwa hodari huonekana kama mjinga.

Asiye na mbwa hutembea polepole pamoja na wenzake wakiwa safu moja, na kila baada ya hatua chache husimama kimya. Mwendo usiokatika humwambia tombo kwamba hatari yapita. Kusimama humtia hofu ya kuwa ameonekana, basi huruka. Hata hivyo wengi husalia nyuma ya safu, nao huwacheka wawindaji jioni kwa kulia.

Na kulia huko ndiko mlango wa njia ya sauti. Watu wa Ulaya wa zamani walikuwa na kipenga kilichofungwa kwa kimfuko cha ngozi, ambacho kilimwiga jike hata dume akaja mwenyewe chini ya wavu. Walakini mimi naona kwamba njia hii imekamilika zaidi huku kwetu, katika magharibi ya Kenya, kati ya Wajaluo wamwitao ndege huyu aluru, na Waluhya wamwitao isindu. Anayekamatwa sana huko ni tombo wa Afrika, ambaye wataalamu humwita Coturnix delegorguei, kwa jina la Adulphe Delegorgue, Mfaransa aliyewinda kusini mwa Afrika katika karne ya 19. Dume lake lina kifua cheusi, na koo jeupe lenye alama nyeusi. Yeye naye ni msafiri, huifuata mvua na mbegu za majani, leo hayupo, na kesho bonde zima lasikika sauti yake.

Mtegaji hufuga madume waliao vizuri, kila mmoja katika kikapu chake kidogo kilichosukwa, na hutundika vikapu hivyo juu ya mti mrefu uliosimamishwa shambani. Chini yake majani hukatwa kuwa vijia vingi vyembamba, na katika vijia hutegwa vitanzi. Jioni na alfajiri madume wale huita. Ndege wa mwitu wakisikia hushuka, nao, kwa kuwa tabia yao ni kukimbia chini wala si kuruka, huzifuata njia zile zilizo wazi, wakanaswa. Tazama jinsi mtegaji alivyofahamu: tabia ile ile imfichayo tombo machoni pa mwenye bunduki ndiyo impelekayo kitanzini. Katika kazi hii mbwa hatakiwi kabisa. Akipita chini ya mti, waitao hunyamaza.

Lakini yafaa mwalimu ajue kwamba sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 imemhesabu tombo kuwa mnyama wa mwitu, hata amfugaye hutakiwa kuwa na kibali. Mwaka ule ule wengi nchini humo walianza kufuga tombo wa Kijapani kwa ajili ya mayai, na mwaka 2014 bei ilianguka, wakaachwa na vizimba vitupu. Wafanyabiashara wale walimwita ndege wao kware, na hivyo jina hilo limezidi kuenea, wala sidhani litarudishwa. Nadhani pia kwamba walimu wengine huliogopa neno tombo darasani, kwa sababu lakaribia neno la aibu. Haya hiyo naifahamu, lakini neno ni safi, na kamusi zetu zinalo.

Basi sisemi Biblia ibadilishwe kwa ajili ya ndege mmoja. Msomaji asome kware kama ilivyoandikwa, kisha aeleze kwamba ni yule mdogo wa majanini, asafiriye usiku. Na akiwa Siaya au Busia, aseme aluru, ama isindu, kisha awaachie watoto waliowahi kubeba vikapu waeleze yaliyosalia.