Jean de Joinville, rafiki wa mfalme

Zamani, katika nchi ya Ufaransa, palikuwa na ngome karibu na mto Marne, jina lake Joinville. Bwana wa ngome hiyo aliitwa Jean, aliyezaliwa karibu na mwaka 1225. Simon, baba yake, alikuwa seneshali wa Champagne, maana yake msimamizi mkuu wa nyumba ya mtawala wa jimbo lile. Baba alipokufa, Jean akarithi cheo hicho, angali kijana.

Watoto, msidhani bwana wa siku zile alikuwa na fedha nyingi sandukuni. Mali yake ilikuwa ardhi, na watu walioilima. Wao walimpa sehemu ya mavuno; yeye ilimpasa kuwalinda.

Mwaka 1248 mfalme Louis wa 9, ndiye Mtakatifu Ludoviko, alikuwa tayari kwenda kwenye vita vya msalaba. Jean naye alikubali kwenda. Siku ya kuamkia Pasaka akazaliwa mtoto wake wa pili, na juma zima watu wakala karamu. Ijumaa Jean akawaambia kwamba hajui kama atarudi. Basi kila mtu aliyedhulumiwa naye aseme, atalipwa. Kisha akatoka nje, wasije wakaogopa kunena mbele yake. Waliyoamua akayakubali bila kubisha. Akaweka mashamba yake rehani apate fedha ya safari. Alipopita karibu na ngome yake hakutaka kuitazama, asije akalegea moyo kwa ajili ya watoto wake wawili.

Huko Misri, mwaka 1250, alipata majeraha matano, na farasi wake kumi na matano. Akatekwa pamoja na mfalme, wakakombolewa kwa fedha. Alirudi kwao mwaka 1254.

Mfalme alimpenda kwa sababu Jean hakuficha neno. Siku moja alimwuliza, lipi afadhali, kuwa na ukoma au kutenda dhambi ya mauti? Jean akajibu kwamba afadhali dhambi thelathini! (Wengine huwaza vilevile, ila hawathubutu kusema.) Watawa waliokuwapo walipoondoka, mfalme akamketisha miguuni pake, akamkemea.

Mwaka 1267 mfalme alitaka kwenda vitani tena, akamsihi Jean amfuate. Jean akakataa. Alipokuwa mbali mara ya kwanza, watumishi wa wafalme waliwanyang'anya watu wake mali, hata wakawa maskini. Akasema atampendeza Mungu zaidi akikaa kuwatetea. Kumkatalia rafiki ambaye ni mfalme si jambo jepesi. Mfalme akaenda, akafa kwa ugonjwa karibu na Tunis, mwaka 1270.

Mwaka 1282 Jean aliitwa kushuhudia maisha ya rafiki yake, na mwaka 1297 Papa akamtangaza mfalme kuwa mtakatifu. Jean akamjengea altare katika kanisa dogo la ngome. Kisha, katika uzee wake, akatungisha kitabu juu ya mfalme, kikamalizika mwaka 1309. Hata lile jibu la ukoma alilitia humo. Alikufa mwaka 1317, umri wake ukizidi miaka tisini.